Nyumba Mpya za Mawe na Chokaa

Mtu aliyezoea kudhani kwamba nyumba za mawe za pwani yetu ni mabaki ya zama zilizokwisha, yanayohifadhiwa ili wageni wayatazame na kuyapiga picha, akifika leo Shela katika kisiwa cha Lamu ataona jambo la kumbadilisha fikira. Mashua huja kutoka Manda zikiwa zimesheheni mawe, punda hungoja ufukoni kwa safu, na katika vichochoro ambavyo motokaa haina njia, waashi husimamisha kuta mpya zenye unene wa dhiraa moja, kwa mwiko, kwa timazi na kwa uzi, juu ya viwanja ambavyo zamani si nyingi vilikuwa mchanga mtupu. Baadhi ya nyumba hizo ni za wageni wa Ulaya walioupenda mji ule wakataka makazi ndani yake, na baadhi ni za wenyeji waliojaaliwa uwezo. Lakini zote zina daka mlangoni, zina kiwanda kilicho wazi katikati, zina vidaka ukutani na boriti darini, na mpita njia asiyejua huweza kuziona akadhani zina umri wa miaka 200.

Hata hivyo, mwenye kutaka kuijua nyumba asiutazame uso wake tu. Katika nyingi ya nyumba hizi mpya boriti zinazoonekana darini hazibebi kitu: juu yake limemiminwa zege la saruji na nondo, nalo ndilo linalochukua uzito wote, ilhali miti ya mikoko imepachikwa chini yake kuwa pambo. Kuta nazo aghalabu ni za mawe ya Manda yaliyoungwa kwa saruji na kupakwa rangi nyeupe ya dukani. Simlaumu mwenye nyumba, maana yeye hutaka kuhamia mapema na fundi wake hutaka kazi isiyokuwa na maswali. Lakini nyumba ya namna hiyo imechukua sura ya nyumba ya kale na kuiacha elimu yake. Na elimu hiyo, ya namna jiwe, chokaa na mti vinavyoshikana na kusaidiana hata vikasimama karne kadhaa katika hewa ya chumvi, ndiyo iliyo katika hatari, wala haiwezi kuokolewa kwa kuyatunza magofu peke yake. Itaokolewa kwa kuaka nyumba mpya.

Kazi hii ina umri mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Huko Shanga, kisiwani Pate, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta chini ya msikiti wa mawe alama za misikiti mingine iliyoutangulia, ya miti na udongo, mmoja juu ya mwingine mahali pale pale, ushahidi kwamba ustadi huu ulikulia mikononi mwa watu wa pwani hatua kwa hatua na haukuletwa umekamilika kutoka ng'ambo. Kizimkazi, katika kisiwa cha Unguja, upo msikiti wenye maandishi ya Kikufi yaliyochongwa mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 Miladia. Kilwa Kisiwani, katika karne ya 14, Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliaka Husuni Kubwa, kasri lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pembe nane, na Msikiti Mkuu wa mji ule ukafunikwa kwa kuba na matao. Lamu ya karne ya 18 ikaifikisha kazi ya kuchonga chokaa kwenye upeo wake. Waashi wa kazi hizo zote hawakuwa na saruji wala chuma cha kutia ndani ya zege. Walikuwa na mawe, chokaa na miti ya mikokoni, na walikuwa na subira, ambayo katika kazi hii ni kifaa kama mwiko ulivyo kifaa.

Mawe yenyewe ni ya aina mbili. Aina ya kwanza ni tumbawe la baharini, linalokatwa likiwa hai chini ya maji: likitoka huwa laini, hukubali msumeno na tindo, kisha likipigwa na hewa hukauka likawa gumu na jepesi. Hilo ndilo lililotumika kwa vibula vya misikiti, kwa miimo ya milango, kwa matao na kwa vidaka vya nyumba za watu wenye nafasi. Aina ya pili ni jiwe la nchi kavu, ambalo nalo asili yake ni matumbawe, lakini ya dahari nyingi zilizopita, yaliyoachwa juu bahari ilipopungua. Ni zito, lina matundumatundu, ni gumu kuchongeka, lakini halikosekani. Machimbo ya Maweni, katika kisiwa cha Manda, ndiyo yanayoipatia Lamu jiwe hilo, na wachimbaji wake hulipasua kwa mitalimbo, sururu na nyundo, kazi ya jua kali na ujira mdogo ambayo wasifiaji wa uzuri wa Lamu hawaikumbuki sana. Ujenzi wa leo hauna budi kuegemea jiwe hili la pili peke yake, kwa kuwa miamba hai ni mazalio ya samaki na kinga ya ufuo, na hakuna kidaka kizuri kiasi cha kuhalalisha kuikata. Mwenye kutaka urembo ana njia nyingine iliyo halali, nayo ni kuuchonga katika chokaa yenyewe ingali mbichi, kama walivyofanya mafundi wa Lamu katika siku za fahari yao.

Kwenye chokaa yafaa tukae kidogo, maana ndiyo inayotofautisha nyumba na nyumba. Kwa desturi ya pwani, magogo ya minazi na ya miti mingine hupangwa kwa duara, tabaka juu ya tabaka, katikati pakaachwa tundu la kupitishia moto. Juu yake hurundikwa vipande vya matumbawe, kisha moto hutiwa na kuachwa uwake mpaka magogo yaishe na rundo lishuke. Joto likifika kiasi cha digrii 900, jiwe hutoa hewa ya ukaa iliyofungwa ndani yake, likabaki jepesi, jeupe na lenye kiu kali ya maji. Likimwagiwa maji hayo huchemka, hufoka mvuke na kupasuka lenyewe hata likawa unga, na asiyeijua hatari yake huweza kuunguza mikono na hata kupoteza macho. Unga huo huchekechwa, hutiwa shimoni pamoja na maji mengi, hufunikwa na kuachwa. Chokaa iliyolala shimoni wiki kadhaa ni bora kuliko ya jana, na iliyolala miezi ni bora zaidi, kwa sababu kila chembe ambayo haikupata maji ya kutosha siku ya kwanza hupata wasaa wa kushiba. Chembe isiyoshiba, ikiingia ukutani na kiu yake, hunywa maji baadaye, huvimba, na lipu nzuri ya jana huota vipele na kubanduka. Fundi mzoefu huuzamisha mwiko ndani ya chokaa, akauinua na kuugeuza chini juu: chokaa iliyoiva haimwagiki, hushika chuma na kutulia, laini kama samli iliyoganda, iliyo mbichi huanguka vipandevipande, naye huifunika tena na kwenda zake.

Chokaa iliyoiva huchanganywa na mchanga, kwa kawaida sehemu moja kwa sehemu tatu, na mahali pengine, hasa Unguja, hutiwa udongo mwekundu ndani yake. Mchanga huo haufai kuwa wa ufukoni, kwa kuwa una chumvi. Wala usichotwe katika matuta ya Shela, ambayo ndiyo yanayochuja na kuyahifadhi maji matamu yanywewayo na mji wa Lamu, na kila mkokoteni unaotoka pale ni deni juu ya visima. Mchanganyiko ukishawekwa ukutani chokaa huanza kurudi ilikotoka: kidogo kidogo hunyonya kutoka hewani ile ile hewa ya ukaa iliyoipoteza motoni, na kwa muda wa miezi na miaka hugeuka jiwe tena. Ndiyo sababu kuta za magofu yetu, ambazo mvua za karne tano na sita zimezipiga bila ya dari juu yake, zingali zinaikataa sururu.

Sasa mtazame mwashi kazini. Haanzi na chokaa, huanza na jiwe: hulizungusha mkononi akilitafutia uso, hulijaribu mahali pake likiwa kavu, hulitoa akalichonga pembe iliyozidi, hulilowesha ili lisiinyang'anye chokaa maji yake, ndipo huliketisha na kuligonga kwa mpini wa mwiko mpaka sauti yake ibadilike. Mapengo yaliyobaki hayajazwi kwa chokaa tupu, maana chokaa nyingi isiyokuwa na jiwe hunywea na kupasuka. Hutomewa kwa vijiwe vidogo, kimoja kimoja, vikisukumizwa hata visiweze kuingia zaidi. Mwanagenzi akipita haraka juu ya pengo, mzee wake huuelekeza mwiko mahali hapo bila ya ukali: "Tomea, mwanangu, hapo pana shimo." Na kijana huitika, "Naam, mwalimu," akarudi nyuma. Ukuta ukipanda dhiraa mbili hivi huachwa upumzike kabla ya kuongezwa, na kila siku hunyunyiziwa maji na kufunikwa magunia au makuti, kwa kuwa jua la kaskazi likiunyang'anya unyevu mapema, chokaa hubaki vumbi lililoshikamana kwa muda tu. Orofa ya chini ikiisha, waashi wa zamani aghalabu waliiacha ikauke vyema kabla ya kuibebesha ya pili. Na hapa ndipo tajiri wa leo, mwenye kulipa kwa mwezi, anapoanza kutazama saa.

Ukubwa wa chumba katika nyumba hizi haukuamuliwa na fedha za mwenyewe, uliamuliwa na mti. Boriti ya mkoko, mti mzito unaostahimili mchwa kuliko miti mingi ya bara, hubeba dari salama katika upana wa dhiraa sita hivi, yaani karibu mita tatu. Zaidi ya hapo hulalia tumbo. Kwa hiyo, tangu visiwa vya Lamu hata Kilwa, utaona vyumba virefu na vyembamba, vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine, na tabia yote ya nyumba ya Kiswahili, faragha yake, kiza chake cha ndani na ubaridi wake wa mchana, imetokana kwa sehemu kubwa na urefu wa mti mmoja. Wakata mikoko wa Lamu huigawa miti yao kwa unene, wakaanza na fito na pau, wakapanda kwenye mazio, kisha boriti, kisha nguzo na banaa, na mwashi akitaja jina moja katika haya, aliyeko mikokoni hujua bila ya kipimo kingine mti gani unatakiwa.

Boriti zikishapangwa juu ya kuta, zikiachiana nafasi ya shubiri moja au zaidi, hulazwa juu yake mawe mapana ya kuziba nafasi hizo, na juu ya mawe humwagwa zege la chokaa na kokoto. Hapo huja kazi ambayo watu wengi wa leo hawajapata kuiona. Wapigaji, wanaume na wanawake, hujipanga kwa safu wakiwa na vipande, yaani vibao vizito vyenye mpini, wakaipiga sakafu kwa mwendo mmoja huku wakiimba, wakienda na kurudi, siku baada ya siku, wakinyunyiza maji pale panapoanza kukauka. Nyimbo hizo hazikuwa za kujipumbaza tu. Zilitunza mwendo ili kila mahali papate pigo sawa, kwani palipopigwa kidogo ndipo maji ya masika yatakapopita. Zege hushuka, hujikaza, hutoa juu utelezi wake wenyewe, na mwisho kipande hakizami tena, hudunda. Ndipo hupakwa niru, chokaa safi iliyochekechwa kwa kitambaa, ikasuguliwa kwa mwiko hata iwe na mng'ao, na mtu akitembea juu yake kwa miguu mitupu mchana wa Januari hupata ubaridi ambao marumaru ya gharama haiuzidi. Kwa rai yangu, sakafu ya vipande ndiyo kipimo cha kweli cha nyumba ya mawe: anayeiweza hiyo anaweza yote, na nyumba isiyokuwa nayo, hata ikiwa na mlango wa nakshi wa thamani kubwa, imepungukiwa.

Nyumba yenyewe ilijengwa kwa ajili ya aila, na aila haikamiliki kwa siku moja. Mgeni hupokewa katika daka, penye baraza mbili za mawe zinazoelekeana. Akiruhusiwa huingia tekani, ambamo njia hukunja ili macho ya barabarani yasifike ndani. Kisha kiwanda, kilicho wazi kwa mbingu. Kisha msana wa chini na msana wa juu. Na mwisho ndani, chumba cha mama mwenye nyumba, penye ukuta wa zidaka uliojaa vyombo vya kaure. Binti alipokaribia kuolewa baba yake alimwakia orofa juu ya nyumba ya wazazi, au nyumba jirani, na nyumba mbili za jamaa zilipotengwa na njia ziliunganishwa kwa wikio lililopita juu ya vichwa vya wapita njia, ili wanawake watembeleane pasi na kutoka nje. Kwa sababu hiyo kuta za chini zilifanywa nene kupita haja ya siku ile: mwashi aliiakia orofa ambayo mwenye kuilala alikuwa bado hajazaliwa. Hesabu hii ya mbele sijaiona katika ramani nyingi za nyumba zetu za leo.

Saruji ya kisasa ilipewa hati yake Uingereza mwaka 1824, ikawafikia watu wetu kwa wingi baada ya kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kuanza kazi katika miaka ya 1950, na kile cha Wazo, Dar es Salaam, katika miaka ya 1960. Imetufaa kwa mengi, madaraja, bandari, shule na hospitali, wala hana insafu mwenye kuilaani. Lakini ilipoingia katika nyumba za chokaa ilileta madhara yasiyoonekana mara moja. Ukuta wa chokaa hunywa unyevu wa ardhi na wa mvua na kuutoa tena nje kupitia uso wake wote. Ukipakwa saruji unyevu hukosa pa kutokea, hupanda juu zaidi, hubeba chumvi na kuigandisha nyuma ya lipu, mpaka lipu hutoka vipande vizima pamoja na uso wa mawe. Vibaya zaidi ni vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani: vikizungukwa na unyevu usiotoka huoza gizani, na dari ambayo kwa macho ni nzima huwa imebaki kwa mazoea tu. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mji wa Lamu, ulioandikwa mwaka 2001, yote miwili ina nyumba nyingi zilizodhuriwa na matengenezo ya nia njema. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka wakati wa kufanyiwa ukarabati, na watu wakapoteza maisha yao. Msiba ule ulitukumbusha kwamba majengo haya ni mazito na yana hesabu zake, na kwamba wenye kuzijua hesabu hizo wanapungua.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Wengi husema kwamba elimu hii itahifadhika kwa kukarabati nyumba za kale, na ni kweli kwamba ukarabati umesaidia: wakfu wa Aga Khan ulipoifufua ile zahanati ya kale ya Tharia Topan katika pwani ya Unguja, katika miaka ya 1990, waashi wa hapa walijizoeza upya chokaa, nakshi na roshani za mbao. Lakini mwanagenzi wa ukarabati huona leo kipande cha ukuta, kesho pembe ya dari, kesho kutwa ngazi iliyobomoka. Aweza kufanya kazi miaka bila ya kuchimba msingi hata mmoja wala kuipiga sakafu moja mwanzo hadi mwisho. Nyumba mpya humpa yote kwa utaratibu wake, tena humpa makosa yake mwenyewe ayaone na kuyasahihisha. Na zaidi, humpa riziki. Fundi aliyeitwa kazini mara moja kwa mwaka kuziba ufa hawezi kumshawishi mwanawe aufuate mwiko huo, ilhali jirani yake mwenye mashine ya kufyatulia matofali ya saruji hana siku ya kupumzika.

Nchi nyingine zimelipitia jambo hili. Hassan Fathy wa Misri, mhandisi wa majumba aliyejenga kijiji cha Gourna Mpya karibu na Luxor katika miaka ya 1940, alitaka kuezeka nyumba za udongo bila ya mbao, ambazo vita vilikuwa vimezifanya adimu. Matao yake ya kwanza yakamwangukia, mpaka alipokwenda kwa Wanubi wa Aswan akawakuta waashi ambao hawakuwa wameiacha kazi hiyo, wakalisimamisha tao mbele ya macho yake kwa mkono na jicho. Lau waashi wale wangekuwa wamekufa bila ya kufundisha, vitabu vyake vyote visingemfaa. Sisi wa pwani bado tunao wazee wa namna hiyo Lamu, Pate na Unguja, na wengi wao wamekwisha kuwa watu wazima sana.

Sikusudii kuficha mashaka ya kazi hii. La kwanza ni mikoko. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Serikali ilikataza kuisafirisha nje mwaka 1982, na mwaka 2018 ilipotangaza katazo la kukata miti nchini, wakata mikoko wa Lamu walipatwa na dhiki kubwa. Misitu ile ni kinga ya pwani na malezi ya samaki na kaa, basi haiwezi kuachiwa kila mwenye shoka. Lakini ukataji wa mpango, wa kuchagua mti, kupumzisha mahali na kupanda upya, unawezekana, na nyumba ya chokaa iliyotunzwa huitumia boriti yake kwa vizazi, ilhali boriti za pambo zilizotundikwa chini ya zege hutumia msitu bila ya kuhitajiwa. Ningependa kuona boriti za pambo zikikatazwa kabla ya boriti za kazi. Aidha mivinje iliyopandwa kwa wingi katika pwani ya Kilifi na Malindi yaweza kushika baadhi ya nafasi, ikilindwa dhidi ya mchwa. La pili ni kuni za tanuu: rundo la wazi hupoteza joto jingi, na tanuu la kuta, lenye mlango na bomba, litapunguza magogo bila ya kuiharibu chokaa. Wenye kuuliza habari za hali ya hewa wajue kwamba saruji huchomwa kwa joto la digrii 1450 hivi, na viwanda vyake hutoa kama asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za wanadamu duniani, na kwamba chokaa hurudisha ukutani sehemu ya ile iliyoitoa.

La tatu ni muda na gharama. Nyumba ya chokaa huchelewa, na ujira wa mwashi wa kweli ni mkubwa kuliko wa mtu wa kupanga matofali. Lakini fedha hiyo hubaki kisiwani, kwa mchimbaji wa Maweni, kwa nahodha wa mashua, kwa mwenye punda, kwa mchoma chokaa, kwa wapiga vipande. Haiendi kununua nondo ya ng'ambo ambayo, kwa hewa yetu ya chumvi, hushika kutu ndani ya zege na kulipasua kabla ya mtoto wa mwenye nyumba kuoa. Na nyumba yenyewe haidai feni mchana kutwa.

Makumbusho ya Taifa ya Kenya ina ofisi ya hifadhi mjini Lamu, na Zanzibar ina mamlaka yake ya Mji Mkongwe tangu 1985. Ombi langu kwao ni kwamba wasiishie kuuliza nyumba mpya itafanana na nini, waulize pia itasimama kwa nini, na mwenye kuaka kwa chokaa na sakafu ya vipande apunguziwe ada ya kibali na apewe mkaguzi anayeijua kazi. Vyuo vya ufundi vya Lamu, Mombasa na Unguja viwaajiri waashi wazee kuwa walimu, bila ya kuwadai vyeti ambavyo zama zao hazikuwapa, na kila darasa liake walau chumba kimoja kizima, kutoka msingi hata niru.

Na wewe msomaji, ikiwa una kiwanja popote baina ya Kiunga na Kilwa na nia ya kujenga mwaka ujao, usingoje sheria. Mtafute mwashi mzee wa mji wako, umuulize apendavyo kuanza, umkubalie aje na kijana wa kumfundisha, na shimo la chokaa ulichimbe mwaka huu.